UZI: Kufika JKIA (uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi) kabla kaunta haijafungwa: njia, saa, na pahali watu hukwama

Mzee_wa_Embakasi (mwanzisha uzi)

Wadau, kila Desemba ikikaribia maswali ni yaleyale: nitoke nyumbani saa ngapi, nipitie wapi, nikichelewa nifanye nini. Tuyaweke pahali pamoja. Mwenye kujua sehemu yake aongeze, na mwenye kuona kosa alirekebishe hapahapa bila matusi.

Naanza na hesabu, kwa sababu hapo ndipo wengi huachwa. Watu huhesabu kutoka saa ya ndege kuruka. Saa yako wewe ni ile ya kaunta kufungwa. Kwa safari nyingi za nje kaunta hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuruka. Za ndani ni dakika 30 hadi 45, inategemea shirika, na imeandikwa kwenye tiketi yako kwa yale maandishi madogo. Ikishafungwa, mfumo umefungwa. Hata ukimwona rubani anakunywa chai, aliye kaunta hana kitufe cha kukuingiza.

Jambo la pili: kutoka katikati ya mji hadi JKIA ni kama kilomita 15 hadi 18. Barabara ikiwa wazi hiyo ni nusu saa. Muda huliwa na laini nne zinazofuata: ukaguzi wa magari getini, ukaguzi wa mlango wa terminali, kaunta yenyewe, halafu uhamiaji pamoja na ukaguzi wa pili kabla ya kufika geti la ndege.

Chukua ndege ya 23:40 na mtu anayetoka Westlands. Kaunta inafungwa 22:40. Uwe kwenye laini ya kaunta saa tatu na dakika kumi usiku, yaani saa moja na nusu kabla haijafungwa. Mlango wa terminali upe dakika 20, kwa hiyo uwe hapo saa tatu kasoro dakika kumi. Ukaguzi wa magari upe dakika 25, kwa hiyo gari lifike getini saa mbili na dakika ishirini na tano. Barabara kwa Expressway (ile ya juu ya kulipia) ipe nusu saa na robo saa ya akiba: unaondoka Westlands saa mbili kasoro dakika ishirini. Teksi unaiita saa moja na dakika kumi, kwa sababu wa kwanza huenda akakataa safari.

Anayesema "mimi natoka nyumbani saa mbili kabla ya ndege" anazungumzia siku ambayo laini zote nne zilikuwa tupu. Siku hizo zipo. Usiziwekee dau la tiketi.

---

Kaunta_ya_Tisa

Mzee umeeleza vizuri. Niongeze tarehe, maana inaumiza watu kuliko jam.

Ndege nyingi za nje zinatoka Nairobi usiku wa manane. Tiketi ikisema Jumamosi tarehe 15, saa 00:35, unatakiwa uwanjani Ijumaa tarehe 14 saa tatu na nusu usiku. Kila wiki kuna mtu anayejitokeza Jumamosi usiku na masanduku yake na shati limepigwa pasi, ilhali ndege ilishaondoka karibu saa 24 zilizopita. Kwenye kalenda ya simu usiandike saa ya ndege. Andika siku na saa ya kutoka nyumbani.

Na saa zetu pia zina mtego wake. 07:10 ya tiketi ni saa moja na dakika kumi asubuhi. Ukimwambia dereva "nichukue saa tisa", malizia: saa tisa usiku. Kwenye programu ya teksi hiyo ni 3:00 AM, angalia isiandikwe PM.

---

Senti_Kumi

Swali. Expressway ni lazima kweli? Tozo, teksi, bado kula.

---

Dereva_wa_Bypass

@Senti_Kumi si lazima, inategemea unatoka upande gani na saa ngapi. Ngoja niandike kwa upande, maana ushauri wa "pita Expressway" kwa kila mtu umepoteza wengi.

*Westlands, Parklands, Kangemi, Lavington*: Expressway bila kufikiri mara mbili. Panda Westlands au Museum Hill, shuka JKIA. Kupita chini jioni ni kujipitisha Nyayo Stadium, Bellevue, GM na Cabanas, na zote nne hufunga kwa wakati mmoja.

*Kilimani, Hurlingham*: mji ukiwa wazi, pandia Haile Selassie. Jioni usiingie mjini. Mbagathi Way, Lang'ata Road, kisha Southern Bypass.

*Karen, Lang'ata, Rongai*: Southern Bypass hadi Mombasa Road karibu na Ole Sereni. Wa Rongai, tatizo lenu liko kabla ya bypass: kile kipande cha Magadi Road hadi Galleria. Asubuhi ya siku ya kazi mkitenga dakika 40 kwa kipande hicho peke yake hamjakosea. Na bypass usiku, sehemu za kando ya msitu, si pahali pa kubadilishia gurudumu. Kagua magurudumu kabla.

*Kasarani, Roysambu, Zimmerman*: hapa ndipo watu huharibu. Wanakimbia Thika Road hadi Museum Hill ili wapande Expressway, wanakaa Pangani saa nzima. Ukifika Allsops ingia Outering, Donholm, Taj Mall, halafu Airport North Road. Matatu zinazosimama ovyo chini ya madaraja ya watembea kwa miguu zitakuchelewesha, lakini barabara husogea.

*Ruiru, Kamakis, Utawala*: Eastern Bypass, mnatokea Cabanas.

*Ruaka, Wangige, Kikuyu*: Western Bypass hadi Gitaru, mnashika Southern Bypass. Kilomita ni nyingi kwenye ramani, saa ni chache kwenye gari.

*Buruburu, Umoja, Kayole*: msielekee mjini kabisa. Outering.

*South B, South C*: mko karibu hadi mnajisahau. Jioni mnaweza kukaa dakika 40 mkitafuta tu kutokea Mombasa Road. Capital Centre pandeni juu.

*Kitengela, Athi River*: malori ya mzani wa Mlolongo ndiyo adui. Tozo ya kutoka Mlolongo hadi JKIA ni ndogo kuliko zote, lipeni.

Mpangilio wa jam ni huu: asubuhi Mombasa Road hubana ikielekea mjini, jioni ikitoka mjini. Uwanja uko upande wa kutoka. Kwa hiyo kati ya saa kumi na nusu jioni na saa mbili usiku unasafiri pamoja na wote wanaorudi Imara Daima, Syokimau, Mlolongo na Kitengela. Ongeza Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ongeza mvua. Mvua ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba hujaza maji barabara ya chini, na gari dogo likizima ndani ya maji linafunga njia ya wote walio nyuma.

---

Senti_Kumi

Asante boss. Tozo yenyewe sasa ni ngapi?

---

Mzee_wa_Embakasi

Tangu Januari 2024 gari dogo hulipa kati ya shilingi 170 na 500, kulingana na kituo ulichoingilia na ulichotokea. Hiyo 500 ni barabara nzima, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Teksi ya programu, tozo ni ya abiria, na ni vizuri mkubaliane kabla ya kupanda juu, si mbele ya kibanda.

Beba noti ndogo. Noti ya elfu kwenye kibanda chenye magari kumi nyuma ni ugomvi. Dereva mwenye kadi au kile kifaa cha kubandika kwenye kioo hupita haraka zaidi, ila muulize kama kina salio. Kadi isiyo na salio inarudisha gari nyuma, na walio nyuma hawatakuombea mema.

---

Dereva_wa_Bypass

Na mtego wa Expressway wenyewe: ukishapanda, huwezi kushuka mpaka kituo kinachofuata. Lori likilala au gari likigonga mbele yako, unakaa huko juu ukiangalia barabara ya chini inavyotembea. Kwa hiyo ramani ya simu iangaliwe kabla ya kupanda, mkiwa bado kwenye mzunguko. Ikionyesha wekundu kati yako na JKIA, baki chini.

Ukipitiliza kituo cha JKIA usijaribu kurudi nyuma wala kusimama pembeni. Endelea hadi cha SGR (steshini ya reli ya kisasa) pale Syokimau, shuka, geuza. Hapo umepoteza dakika 15 hadi 25 na tozo ya ziada. Mkumbushe dereva mkishapita Eastern Bypass. Madereva wanaoongea sana hupitiliza.

---

MamaVifurushi

Mimi niseme juu ya gari lenyewe, maana naona wanaume mmeshikilia barabara tu.

Ukiita teksi ya bei ya chini kabisa utaletewa Alto. Alto na masanduku mawili ya kilo 23 ni maadui. Buti ya Vitz inameza sanduku kubwa moja na mkoba. La pili linakaa kiti cha nyuma, na abiria wa tatu hana pahali. Mko watatu na masanduku matatu, itisha gari la kubeba sita, au Probox ya mtu mnayemjua. Usisubiri kugundua hayo gari likiwa mlangoni.

Kabla mzigo haujaingia, muulize dereva mambo matatu. Mafuta yapo? Usipouliza, ataingia kituo cha petroli kuweka ya mia tano mkiwa mmechelewa. Gurudumu la akiba lina upepo? Liko chini ya sakafu ya buti, na mkipata pancha masanduku yote yanashushwa barabarani kwanza ndipo lifikiwe. Jeki na spana vipo? Wengi wameazimana.

Ndege za alfajiri barabara ni tupu lakini teksi ni chache. Anayetoka saa kumi usiku amwandalie dereva mmoja kwa simu tangu jioni, na awe na nambari ya wa pili. Saa tisa na nusu wapigie wote. Asiyepokea, mhesabu hayupo.

---

Kijana_wa_Pipeline

Na sisi wa matatu je? Kwani lazima kila mtu aende na teksi?

---

Mzee_wa_Embakasi

La hasha. Matatu ya 34 kutoka mjini ipo, ila kabla hujapanda muulize makanga: "Mnafika airport ama mnaishia Embakasi?" Si zote zinazofika. Sanduku kubwa utalilipia kiti. Kwa ndege ya mchana na begi moja ni sawa kabisa. Kwa ndege ya usiku, jua likishatua usitegemee.

Treni ya mjini hufika Embakasi Village. Treni hizo zimepangwa kufuata saa za watu wa ofisi, kwa hiyo ratiba iangalie siku hiyohiyo, na kutoka steshenini hadi terminali bado unahitaji gari.

Wanaotoka Mombasa kwa SGR: mnashukia Syokimau, na kutoka hapo JKIA ni karibu, hakuna haja ya kuingia mjini. Wanaoharibu ni wale wanaopanda treni ya kuunganisha mjini "kupumzika kidogo". Acha angalau saa tano kati ya treni kufika na ndege kuruka.

---

Nakuru_Mjini

Na sisi wa mbali? Nakuru, Nyahururu, huko.

---

Dereva_wa_Bypass

Nakuru ni kama kilomita 160. Siku nzuri saa tatu. Lori moja likianguka kwenye mteremko ni saa saba na hakuna wa kulalamikiwa. Safari ya nje, lala Nairobi usiku wa kabla. Chumba cha kawaida Embakasi au Syokimau ni bei ndogo kuliko kubadilishiwa tiketi. Kama lazima mje siku hiyohiyo, mkifika Gitaru shikeni Southern Bypass, msishuke Waiyaki Way.

---

Askari_Mstaafu

Nieleze geti, kwa sababu wageni wa JKIA huchanganyikiwa hapo.

Gari likifika ukaguzi, abiria wote hushuka, dereva hubaki. Nyinyi mnapita kwa miguu ndani ya kibanda chenye mashine. Gari linapita upande wake, buti linafunguliwa. Mnakutana mbele. Yanayoharibika ni haya:

Abiria anashuka bila pasipoti na simu, vimebaki kitini. Akitoka upande wa pili, gari haliko, kwa sababu dereva haruhusiwi kuzuia njia na amesogezwa mbele. Simu iko kwenye gari. Sasa anatafuta Vitz ya fedha kati ya Vitz za fedha ishirini. Kwa hiyo shuka na pasipoti, simu na mkoba wa mkononi, na namba ya gari uwe umeishika kichwani, hasa herufi ya mwisho.

Watoto washikwe mikono. Mzee asiyeweza kutembea, mwambie askari mapema kabla gari halijafika mbele, atakuelekeza.

Msafara wa kusindikiza: matatu ya abiria 14 iliyojaa mashangazi, wajomba na mchungaji, wote 14 wanashuka, wote wanakaguliwa. Hiyo peke yake inakula nusu saa. Maombi fanyeni nyumbani, na ya maegesho yawe mafupi.

---

MamaVifurushi

Mashangazi tumesikia 😂

Lakini msindikizaji mmoja ni muhimu, na sababu ni mizani. Asiye na tiketi haingii terminali. Ukipimwa kaunta ukapatikana na kilo 27 badala ya 23, utafungua sanduku hapo sakafuni mbele ya watu. Zile kilo nne ama uzilipie, na bei ya kilo za ziada huuma, ama umpelekee mtu nje. Kama wote wameshaondoka, unga na majani chai vinabaki kwenye pipa. Msindikizaji akae maegesho mpaka umpigie: "Nimepata pasi ya kupanda ndege, nendeni."

Mizani ndogo ya kuning'iniza sanduku inauzwa madukani mjini. Bila hiyo, panda mizani ya bafuni ukiwa umebeba sanduku, kisha panda bila sanduku, toa. Lenga kilo 22, kwa sababu mizani ya nyumbani hudanganya. Angalia pia kama tiketi yako inahesabu vipande au kilo: "vipande viwili vya 23" haina maana ya kipande kimoja cha 46. Wapakiaji wengi hawagusi sanduku linalopita kilo 32.

---

Kaunta_ya_Tisa

Sahihi. Sasa mlango wa terminali na yanayofuata.

Mlangoni askari anataka kuona tiketi na pasipoti. Tiketi ya simu inakubalika, ila simu iliyozima haikubaliki popote. Chapisha karatasi mbili pale saiba (duka la intaneti), moja mfukoni na moja mkobani. Kisha mashine: mkanda, saa, sarafu, mara nyingi na viatu. Vaa viatu vya kuvulika. Buti za kamba ndefu ni za kupanda Mlima Kenya.

Pawabenki haiendi kwenye sanduku la kukabidhi, inabaki mkononi. Kikomo cha kawaida ni Wh 100. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, inapita. Isiyoandikwa chochote inaweza kuchukuliwa. Ikikutwa ndani ya sanduku lililokwishaondoka, unaitwa ulifungue, na dakika 20 zimekwenda.

Vimiminika vya mkononi ni ml 100 kwa kila chupa, na mashine haijali jina la kitu. Asali ni kimiminika. Siagi ya karanga pia. Samli pia. Weka kwenye sanduku kubwa, funga kifuniko kwa utepe wa gundi, tia ndani ya ndoo ndogo. Nyama na maziwa haviingii nchi za Umoja wa Ulaya, hata iwe nyama kavu ya bibi.

Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 au zaidi hutangazwa kwa forodha. Waliozificha ndio hukosa ndege.

Halafu karatasi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele, nchi nyingi hudai hivyo. Kadi ya homa ya manjano: India, Afrika Kusini na Tanzania ni baadhi ya zinazoidai kwa anayetoka Kenya. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchomwa jana hakukusaidii leo. Kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 usiitupe: tangu Julai 2016 chanjo moja hutambuliwa maisha yote. Viza ya mtandaoni, linganisha namba ya pasipoti herufi kwa herufi. Sifuri na O zimewarudisha wengi nyumbani.

---

Kijana_wa_Pipeline

Terminali ziko ngapi na nitajuaje yangu?

---

Kaunta_ya_Tisa

1A, 1B, 1C na 1D zimezunguka maegesho mamoja. Ukishushwa kwenye isiyo yako unatembea dakika chache. 1E ni ya kuwasili. Terminali 2 iko kando, huko huwezi kuburuta sanduku kwa miguu ukiwa umechelewa. Safari za ndani hutumia 1D au 2 kulingana na shirika. Soma tiketi, mwambie dereva herufi yenyewe. "Airport" peke yake haitoshi.

Na soma pia msimbo wa uwanja. NBO ni JKIA. WIL ni Wilson, Lang'ata Road. Safari za Mara, Lamu na Ukunda nyingi hutokea Wilson, na mashirika mengine huruka kutoka vyote viwili. Kutoka Wilson hadi JKIA saa kumi na moja jioni, sahau ndege.

---

Senti_Kumi

Sasa tuseme nimeshachelewa. Niko GM, jam imekufa, kaunta inafungwa baada ya saa moja. Nafanya nini?

---

Mzee_wa_Embakasi

Kwa mpangilio huu:

1. Jisajili (check-in) kwa simu ukiwa hapohapo kwenye gari. Mashirika mengi hufungua usajili wa mtandaoni saa 24 hadi 48 kabla. Ukiwa na pasi kwenye simu na begi la mkononi tu, hufungwi na kaunta ya mizigo; unabanwa na geti la ndege, ambalo hufungwa karibu dakika 15 hadi 20 kabla ya kuruka. Kwa safari ya nje umejinunulia kama dakika 40. Kwa nchi zinazodai viza huenda bado wakataka kuona karatasi zako, kwa hiyo zishike mkononi.

2. Kama una begi la mgongoni, shuka, panda boda. Boda haziruhusiwi Expressway, zitapita chini katikati ya magari. Kofia vaa. Kama una masanduku mawili, hilo sahau, kaa kwenye gari.

3. Ukifika mlangoni usisimame nyuma ya laini kimya kimya. Nyanyua mkono, taja ndege na saa: "Nairobi–Doha, saa nne na nusu." Wenzako kwenye laini kwa kawaida hukupisha, na mfanyakazi wa shirika huzunguka akiita waliobaki. Unayemtafuta ni huyo, usimpigie kelele askari.

4. Ukiona kabisa hufiki, piga simu kwa shirika au wakala kabla ndege haijaruka. Kubadilisha kabla mara nyingi ni nafuu. Baada ya kuruka unahesabiwa hukujitokeza, unatozwa faini, na kwenye tiketi nyingi vipande vilivyobaki, pamoja na kile cha kurudi, hufutwa vyote. Wengi hugundua hilo wiki tatu baadaye wakiwa wameshanunua tiketi mpya ya kwenda, na ile ya kurudi haipo.

---

Kaunta_ya_Tisa

Hiyo ya 4 ibandikwe juu ya uzi.

Na waliokata tiketi mbili tofauti, mfano Kisumu–Nairobi kwa shirika moja na Nairobi–Dubai kwa jingine: mzigo hauhamishwi. Unatoka, unachukua sanduku, unaingia upya kwa laini zote. Shirika la pili halina habari kwamba la kwanza lilichelewa na huwezi kulidai chochote. Saa nne kati ya hizo mbili ndiyo kiwango cha chini. Ukiwa na watoto, sita.

---

Nakuru_Mjini

Na siku za mgomo ama maandamano?

---

Dereva_wa_Bypass

Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja waligoma na abiria wakajaa nje. Siku kama hiyo barabara inaweza kuwa nyeupe kabisa na bado hakuna ndege. Angalia hali ya ndege kwa namba yake kabla ya kutoka, na ujumbe wa simu wa shirika usiufute. Maandamano mjini: zunguka kwa bypass, ondoka saa mbili mapema kuliko kawaida, Haile Selassie na Uhuru Highway visahau. Msafara wa mkubwa ukifunga barabara hapo hakuna ujanja, ni kuzima injini na kungoja.

---

Binti_wa_Mzee

Shikamooni. Baba anasafiri peke yake, ana miaka 78, magoti yanamsumbua. Atapitaje laini zote hizo?

---

Askari_Mstaafu

Marahaba binti yangu. Omba kiti cha magurudumu kwa shirika angalau saa 48 kabla, kiandikwe kwenye tiketi yake. Usingoje siku ya safari. Siku hiyo mfikishe saa nne kabla, kwa sababu wasukumaji ni wachache na wanazunguka ndege zote. Mlangoni mwambie mfanyakazi wa shirika lake kwamba kiti kimeombwa. Akishakaa, msukumaji humpitisha kaunta, uhamiaji na ukaguzi kwa laini ya pembeni hadi geti la ndege.

Dawa zake ziwe mkononi pamoja na barua ya daktari, zisiingie sanduku. Mvalishe viatu vinavyovulika kwa urahisi na mkanda usio na chuma kikubwa. Andika kwenye karatasi jina lake, namba ya ndege, simu yako na ya atakayempokea, umtilie kwenye mfuko wa shati. Na wewe baki maegesho mpaka akupigie akiwa getini.

---

Binti_wa_Mzee

Asante sana mzee. Kiti nimeshaomba sasa hivi kwa simu, wamesema watatuma ujumbe wa uthibitisho.

---

Kaunta_ya_Tisa

Ujumbe ukija angalia kama umeandikwa WCHR, WCHS au WCHC. Ya kwanza ni ya anayeweza kupanda ngazi mwenyewe. Kwa magoti mabaya waambie wabadilishe iwe WCHS, ya asiyeweza ngazi, maana si kila ndege hupandiwa kwa daraja la kutembea, nyingine ni ngazi za nje.